Gari la Bibi Harusi Halizimwi

Kwa miaka sita Nicanor Shitanda alipeleka mabibi harusi kanisani, na kwa miaka hiyo sita hakuona hata mmoja wao akivishwa pete. Aliwafikisha mlangoni, akashuka, akafungua mlango wa nyuma kwa mkono uliovaa glavu nyeupe, akainamisha kichwa kidogo, kisha akarudi kuketi nyuma ya usukani. Wimbo wa kuingia ulipoanza ndani, yeye alikuwa nje na mguu wa kulia juu ya pedali ya mafuta, akilibembeleza gari lisizime.

Gari lenyewe lilikuwa jeupe, la Kijerumani, la mwaka wa themanini na mbili, na watu wa Eldoret walilijua kwa jina la Mjerumani. Lilikuwa mali ya marehemu Mzee Irungu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Shitanda alikuwa karani wa stoo ya mahindi katika mji wa Moi's Bridge, na stoo ilipofungwa alimwandikia Irungu barua ya kuomba ukarani. Irungu aliupenda sana ule mwandiko, akamwajiri awe dereva. Mzee alipofariki, mjane wake Mama Mwihaki hakutaka kuliuza gari la mumewe, wala hakutaka kuliona likitagiwa mayai na kuku nyuma ya duka. Akaamua liwe la kukodishwa harusini.

Kwa picha halikuwa na mpinzani. Lilikuwa na viti vya ngozi nyekundu na taa za mviringo, na pua yake ilimeta hata siku ya mawingu. Shida ni kwamba picha haihitaji injini.

Asubuhi, kwa baridi ya Eldoret, starter ilizungusha injini mpaka mtu akaionea huruma, na injini isishike. Ikishika hatimaye, haikutulia. Mngurumo ulipanda wenyewe bila kuguswa, ukashuka mpaka kioo cha ndani kikatetemeka, ukapanda tena, kama mtu aliyelala na mafua. Na ukilizima likiwa moto, umekwisha. Halikuwaka tena mpaka lipoe, dakika arobaini zikienda vizuri, saa nzima zikienda vibaya.

Jambo hilo la mwisho Shitanda aliligundua siku ya kwanza ya kupeleka bibi harusi. Alizima gari kama dereva yeyote mwenye adabu, akaingia kanisani, akaketi nyuma. Kabla ya mahubiri kufika katikati alitumwa kwenda kuchukua shada la maua lililosahaulika hotelini. Gari likakataa. Alipiga starter mpaka betri ikalegea, na siku hiyo wasimamizi wa bwana harusi, wamevaa suti za rangi ya samawati, walilisukuma gari kuteremka hadi barabara ya lami huku mpiga picha akiwafuata kwa furaha.

Harusi ya pili ilikuwa Moi's Bridge. Shitanda hakuigusa swichi. Alikaa ndani, injini ikipanda na kushuka, ibada ikiendelea. Baada ya saa moja na nusu akaja shangazi wa bibi harusi, mama mnene mwenye kitambaa cha zambarau, akagonga kioo na kuuliza kwa upole kama kuna mtu mgonjwa anayesubiriwa kupelekwa hospitali, maana gari halijazimwa tangu lifike.

Shitanda hakuwa mwongo. Alikuwa mzee wa kanisa katika mtaa wa Huruma alikopanga, na kadi yake ya sadaka haikuwa na mwezi uliorukwa. Lakini alikuwa amevaa glavu nyeupe, na mtu aliyevaa glavu nyeupe hawezi kumwambia mgeni kwamba gari alilokodi likizimwa haliwaki.

"Mama," akasema, "gari la bibi harusi halizimwi. Likizimwa kabla hawajarudi pamoja, ndoa inaingia baridi."

Yule shangazi aliyapima maneno hayo. Aliuliza kama ni desturi ya Wakikuyu, kwa kuwa alijua mwenye gari ni Mama Mwihaki. Shitanda akajibu kwamba yeye alilikuta likifanywa hivyo, jambo ambalo, ukiliangalia kwa upande fulani, lilikuwa kweli. Shangazi akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, akaenda zake, na dakika kumi baadaye akamletea sahani ya pilau iliyofunikwa.

Shitanda alidhani yameishia hapo. Lakini mama huyo alikuwa na binti wengine wa ndugu, na majirani, na kikundi cha akina mama kinachokutana kila Alhamisi. Mwaka haukuisha kabla Shitanda hajafika kwenye harusi ya Waluhya huko Kapseret, nje ya mji, na kuambiwa, hata hajafungua mlango, kwamba asijisumbue kuzima, wao wanaiheshimu desturi ya wenye gari. Wiki mbili baadaye alikuwa kwenye harusi ya Wakikuyu mjini, na huko mjomba wa bwana harusi alimnong'oneza kwamba wamesikia Waluhya hawazimi gari la bibi harusi, na kwa kuwa dereva ni Mluhya, hawataki kumvunjia mila. Kila upande uliitunza kwa sababu ya upande wa pili. Mama Mwihaki mwenyewe, ambaye hakuwa amepanda gari hilo tangu mazishi ya mumewe, alimwambia siku moja dukani kwamba anapenda jinsi Waluhya wanavyoichukulia ndoa kwa uzito.

Hapo ndipo Shitanda angeweza kusema ukweli. Aliangalia misumari kwenye mizani, akaitikia kwamba ni kweli, wanaichukulia kwa uzito.

Baadaye jambo lenyewe likapanda madhabahuni. Mchungaji mmoja alihubiri juu ya wale wanawali kumi waliomngoja bwana harusi, akanyoosha kidole dirishani kuelekea uani ambako Mjerumani alikuwa akihema, na kuwauliza waumini ni wangapi kati yao ambao injini zao bado zinawaka. Watu walishangilia. Shitanda alisikia kila neno, kwa sababu spika za kanisa zilikuwa zimeelekezwa nje, kwa wale waliokosa nafasi. Alijiinamia kwenye usukani, ikaonekana kama anaomba.

Kufikia mwaka wa tano hata madereva wa magari mapya ya Kijapani, yale yanayowaka kwa kubonyeza kitufe, walikaa nje ya makanisa na injini zikinguruma. Mmoja alimweleza Shitanda, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mgeni, maana yake ya kale.

Yote hayo Shitanda angeyachukulia kama maisha yalivyo, kama si binti yake. Rosebella alikuwa mwalimu wa chekechea, mtoto wake wa pekee, aliyelelewa na baba peke yake tangu akiwa darasa la tatu, mama yake alipofariki. Alimleta nyumbani kijana aitwaye Byron, muuzaji wa dawa za mifugo, mpole, mwenye kukohoa kabla ya kusema jambo lolote. Barua zikaandikwa, wazee wakakutana, siku ikapangwa. Mama Mwihaki aliposikia akasema Rosebella hataingia kanisani na gari la mtu mwingine. Lilikuwa jambo la upendo, na upendo wa mwajiri haukataliwi.

Rosebella alimwambia babake jambo moja tu. "Siku hiyo hukai kwa gari, Baba. Unaniingiza wewe, kwa mkono wako."

Akaitikia upesi. Kisha akalala akifikiria lile gari.

Si kwamba halikuwa limetibiwa. Kituyi, fundi wa Huruma, alikuwa amelibadilishia plagi, koili, betri, kichujio na pampu ya mafuta, na kila alipobadilisha kitu gari lilionyesha heshima kwa siku mbili, kisha likarudia tabia zake. Safari hii Kituyi alisema hana la kujaribu ila moja: kung'oa mfumo wote wa injekta, "hii mambo ya Wazungu," na kuweka kabureta ya pikapu. Alikuwa nayo kabureta hiyo tayari, ikiwa mezani karibu na chapati zake. Shitanda akaomba apewe nafasi ya kufikiri.

Jumamosi iliyofuata alikuwa amewapeleka maharusi uwanja wa ndege. Akirudi, Kapseret, ilimbidi asimame kuwapisha ng'ombe wavuke barabara. Mlio ukapanda, ukashuka, na safari hii haukupanda tena. Injini ilikuwa moto. Shitanda alifungua boneti, akavua glavu, akakaa kwenye nyasi kungoja, kama alivyozoea.

Mtu aliyekuwa nyuma ya ng'ombe hao kwa pikipiki, amefungia nyuma ndoo ya chuma na mipira mirefu, alisimama. Aliitwa Oketch. Alikuwa fundi, lakini wa mashine za kukamua maziwa, na hilo alilisema mapema ili asitarajiwe makuu. Hakugusa kitu. Aliuliza maswali tu, na Shitanda akashangaa, kwa kuwa kwa miaka sita hakuna fundi aliyemuuliza swali. Wote walianza na spana.

"Inasumbua kuwaka ikiwa baridi ama ikiwa moto?"

"Zote mbili."

"Ikiwa moto na ukaiacha ipoe, inawaka bila kubadilisha kitu?"

"Inawaka, lakini haitulii."

Oketch akakuna kidevu. "Basi hizi ni shida mbili, Mzee, zimepanda gari moja. Mafundi wako walikuwa wanatafuta moja."

Gari lilipopoa na kuwaka, alimwongoza hadi kwenye banda la mkulima aliyekuwa akienda kumhudumia. Hapo, injini ikipanda na kushuka kwa mtindo wake, Oketch alifanya jambo ambalo Shitanda aliliona kama mchezo. Alifungua kifuniko cha kujazia oili, injini ikiwa inanguruma, akakiweka pembeni. Hakuna kilichobadilika.

"Umeona?"

"Sijaona kitu."

"Ndiyo hivyo. Hii gari inapima hewa yote inayoingia, halafu inatoa petroli kulingana na hiyo hewa. Nikifungua hapa naingiza hewa ya wizi. Ingekuwa nzima, ingekaribia kuzima. Haijali kwa sababu imezoea. Kuna shimo kubwa kuliko hili mahali."

Akakata kipande cha mpira wa mashine ya maziwa, akaweka ncha moja sikioni, na ile nyingine akaipitisha polepole juu ya mabomba ya injini, kama daktari. Akaeleza huku akisikiliza kwamba mashine ya kukamua nayo hufanya kazi kwa kuvuta hewa, na mpira ukipasuka kidogo tu, maziwa hayatoki, na mkulima huanza kubadilisha ng'ombe. Kisha akausimamisha mpira mahali pamoja. Akachukua chupa ya maji, akadondosha matone chini ya mpira mkubwa unaopeleka hewa kwenye injini, mahali pasipoonekana bila kulala chali. Matone yakafyonzwa ndani, mlio ukabadilika mara moja. Mpira ulikuwa na ufa wa urefu wa kidole, na mipira midogo miwili ya pembeni ilikuwa migumu kama kuni. Plagi, koili na betri hazikuwa na hatia yoyote.

Ugonjwa wa pili aliukuta chini, karibu na tangi. Kulikuwa na kopo dogo la chuma ambalo kazi yake ni kushikilia presha ya petroli gari linapozimwa. Kopo lilikuwa limechoka. Gari likizimwa, presha ilishuka papo hapo, na petroli iliyobaki kwenye mabomba ikachemshwa na joto la injini ikawa mvuke. "Ukipiga starter hapo," Oketch alisema, "unairushia injini mvuke. Ikipoa, mvuke inarudi kuwa petroli, inawaka, na wewe unadhani umesamehewa."

Mipira midogo aliibadilisha siku ileile. Mpira mkubwa na kopo vilitoka Nairobi kwa basi baada ya siku nne. Oketch alivifunga, akawasha, na Mjerumani akakaa kimya kiasi kwamba Shitanda aliweka mkono juu ya injini kuhakikisha inafanya kazi. Oketch akafungua tena kile kifuniko cha oili. Injini ikayumba, ikakohoa, ikazima.

Shitanda akacheka kwa sauti. Kwa mara ya kwanza alikuwa amefurahi kuliona gari hilo likizima.

Lilikuwa moto bado. Alizungusha ufunguo, likawaka kabla hajamaliza kuuzungusha. Akalizima, akaliwasha tena, mara kumi na moja, mpaka Oketch akamkumbusha kwamba starter nayo si ya milele. Shitanda akamwalika harusini palepale, akiwa mgeni wa heshima.

Siku ya harusi ilianza kwa baridi kali na gari likawaka kwa mguso wa kwanza. Shitanda alimpeleka binti yake kutoka Huruma hadi kanisani, akimtazama kila mara katika kioo cha ndani. Mbele ya kanisa alisimamisha gari, akashika ufunguo, akauzungusha kurudi nyuma. Kimya kikaingia. Alivua glavu, akaziweka juu ya dashibodi, akashuka kumfungulia mwanawe mlango.

Mama Nakhumicha, mamake Byron, alifika kabla mlango haujafunguka. Alikuwa mwanamke wa sauti ya chini, mwenye kuzungumza akitazama chini, na nyuma yake walikuwa wamesimama shangazi wanne.

"Baba Rose," akasema, "gari limezima."

"Nimelizima mwenyewe, Mama. Leo naingia ndani."

Shangazi wakatazamana. Mama Nakhumicha akasogea karibu zaidi, akamwambia kwa heshima zote kwamba yeye si mtu wa kushika ushirikina, lakini binti zake wawili walipelekwa na gari hilihili, halikuzimwa, na leo wako na waume zao, tena kwa amani. Dada wa mumewe alikodi gari lingine, dereva akazima, na mambo ya nyumba ile kila mtu anayajua. Hakuomba kitu. Alimwuliza tu kama anataka Byron na Rosebella wawe wa kwanza kujaribu kwa gari hili.

Shitanda aliona kwamba saa yake imefika. "Mama, nitakuambia ukweli mbele ya kanisa hili. Hiyo haikuwa desturi ya mtu. Gari ilikuwa mbovu. Ukiizima haiwaki. Nilisema hivyo kwa aibu."

Mama Nakhumicha alimtazama kwa huruma. Kisha akamshika mkono.

"Najua siku kama ya leo mzazi anachoka," akasema. "Usijisemee vibaya, Baba Rose. Wewe ndiye ulitufundisha."

Shangazi wakaitikia kwamba ni kweli, yeye ndiye aliyewafundisha. Mama Mwihaki, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha wageni kando ya mlango, akaongeza kwamba kama ni suala la mafuta, yasiwe kikwazo, yeye yuko radhi mila za Waluhya zifuatwe. Rosebella, ndani ya gari, alikuwa ameziba mdomo kwa shada la maua, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Yeye alikuwa ameujua ukweli siku zote.

Shitanda akaingiza mkono dirishani, akazungusha ufunguo. Gari likawaka papo hapo, laini, bila kuonyesha kwamba lilikuwa na sababu yoyote ya kutozimwa. Likabaki swali la nani atakaa ndani, kwa kuwa sasa kulikuwa na kanuni pia kwamba haliachwi peke yake. Oketch akajitokeza. Alisema mahubiri marefu humpa usingizi, na kwamba angependa kuisikiliza kazi yake kwa utulivu. Akaketi nyuma ya usukani, akavaa glavu za Shitanda, ambazo zilimbana, akafunga mlango.

Basi Nicanor Shitanda akaingia kanisani, binti yake akiwa mkononi, kwenye zulia jekundu alilokuwa akiliona ncha yake tu kwa miaka sita. Alitembea vizuri. Alimkabidhi Byron bila kulia, akaketi safu ya kwanza, kiti kizuri kuliko vyote. Hapo akagundua jambo ambalo kwa mazoea yake ya nje hakuwahi kulifikiria. Spika zote zilikuwa zimeelekezwa uani. Ndani, mchungaji alikuwa akinong'ona. Byron alikohoa, akasema kitu. Rosebella akasema kitu. Watu wa nyuma, waliosikia spika za uani kupitia mlangoni, wakaangua kicheko, na safu ya mbele ikageuka kuuliza kumetokea nini. Shitanda aliona midomo ya binti yake ikisogea, akaona pete ikiingia kidoleni polepole, ikakwama kwenye kifundo, ikasukumwa. Hakusikia neno. Aliitazama ile pete tu, na machozi aliyoyazuia mlangoni yakapata njia.

Mchana, uwanjani chini ya mahema, wakiwa na sahani mapajani, alimwuliza Rosebella walicheka nini. Rosebella alisema hakumbuki hata kama walicheka, alikuwa anaogopa kuanguka na viatu vile. Byron akakohoa, akasema naye hakumbuki.

Oketch ndiye aliyemweleza. Alikuwa amesikia yote, kutoka mwanzo. Mchungaji, alisema, alimwuliza Byron kama anamkubali Rosebella, na Byron akajibu ndiyo kabla swali halijaisha, mchungaji akamwambia atulie, injini bado haijapata moto. Kisha Rosebella alipoulizwa, alikaa kimya kwa muda kidogo, watu wakaanza kuogopa, halafu akasema ndiyo, spika zikaitoa kwa sauti kubwa iliyorudi kutoka ukuta wa uani.

"Kubwa namna gani?" Shitanda akauliza.

Oketch akaweka sahani chini, akajaza mapafu hewa, akamwonyesha.